Maswali ya Chicago, wodi ya Korogwe

Muuguzi aliyesomea Korogwe na kupangiwa kazi Handeni, kilomita 65 kwa barabara ya lami, malaria kali haimtishi. Mtoto akiletwa usiku anadegedega, anapima sukari, anatafuta mshipa, anaandaa artesunate kwa uzito: miligramu 3 kwa kila kilo kama mtoto hajafika kilo 20, na 2.4 akishafika. Zamu ikitulia, anafungua benki ya maswali kwenye simu. Swali linamweka kwenye wodi ya Marekani yenye wagonjwa wanne, mmoja anatumia warfarin, na anatakiwa aseme amwone nani kwanza na kazi ipi amwachie msaidizi. Anakosa. Anajiona hajui kazi.

Kazi anaijua. Wodi anayoulizwa ndiyo hajawahi kuingia, na ndugu walio ughaibuni wanaomlipia benki hizi mara nyingi hilo hawalifikirii.

Mtihani wenyewe unaitwa NCLEX, na mwenye nao ni NCSBN, chombo chenye makao Chicago kinachounganisha mabaraza ya uuguzi ya majimbo ya Marekani. Tangu Aprili 1994 hufanywa kwa kompyuta inayompima mtahiniwa huku anajibu: akipata, linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, linapungua uzito. Kompyuta husimama ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba amefaulu au ameshindwa, kwa hiyo kufungiwa kwenye swali la 85 kunaweza kuwa furaha au msiba. Mwisho ni maswali 150 au saa tano. Aprili 2023 ukaja mtindo mpya: mgonjwa mmoja anafuatwa kwa maswali sita mfululizo, kuanzia dalili hadi kupima kama matibabu yamesaidia. Benki ya maswali iliyotungwa kabla ya hapo, ile PDF inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka hata mwaka, haina kitu hicho.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania benki za maswali? Kwa sababu zinafanya kazi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha jaribio lililowagusa walimu wengi. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Mwanafunzi anayepiga mstari kwa kalamu ya rangi mpaka daftari zima likawa njano asikie hilo.

Ila faida inakaa kwenye maelezo yaliyo chini ya jibu, pale wanapoeleza kwa nini B ni sahihi na kwa nini C ingemuumiza mgonjwa. Chukua mtoto mwenye homa, uzito paundi 33, paracetamol miligramu 15 kwa kilo. Tanzania uzito huja kwa kilo, kwa hiyo mkono unakimbilia kuzidisha: 495. Jibu ni kugawa kwanza kwa 2.2, kupata kilo 15, ndipo dozi inakuwa miligramu 225. Tena swali litaiita acetaminophen, kama ambavyo adrenalini litaiita epinephrine. Makosa ya namna hii maswali hamsini yanayosomwa vizuri huyamaliza. Mia tano ya kubofya haraka hayayagusi.

Mhitimu anayebaki nyumbani ana mlango mwingine. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imeweka usajili na leseni mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mtihani wake wa leseni. Huko miongozo ya Wizara ya Afya na daftari la mkufunzi vina nguvu kuliko benki yoyote ya dola. Anayetazama Uingereza atakutana na mtihani wa kompyuta wenye sehemu ya hesabu na sehemu ya kliniki, kisha ule wa vitendo, OSCE. Wa Dubai atafanya ule unaoendeshwa na kampuni ya Prometric. Kila mmoja una maswali yake.

Halafu kuna wanaouza "maswali yenyewe yaliyovuja". Mwaka 2023 baraza la Uingereza, NMC, lilitangaza kwamba matokeo ya kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, yalikuwa na kasi isiyo ya kawaida, na zaidi ya watu 500 waliofanyia mtihani hapo wakaingia kwenye uchunguzi, wakiwemo waliokwisha kusajiliwa. Aliyesoma kwa haki pale naye alitiliwa shaka.

Kwa hiyo ndugu wa Houston au Muscat, kabla hujatoa kadi, muulize huyo mdogo wako wa Handeni: mtihani upi, wa baraza lipi, tarehe gani? Vifurushi hivi vingi huhesabiwa kwa siku. Ukimlipia Januari wakati karatasi zake bado ziko kwenye uhakiki, siku zitaisha kabla hajapewa ruhusa ya kukaa kwenye mtihani.