Jibini ya Goma na Majina Yake: Chakula cha Kiholanzi katika Nyanda za Virunga

Barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru hukata mawe meusi yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo, hupita Kibumba penye mashamba ya kabichi na viazi mviringo, na baada ya kilomita zipatazo 45 huifikia Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Wageni waliofika huko aghalabu walifuata gorila wa milimani. Vyakula vilivyowekwa mezani mbele yao havikupewa uzito huo, ingawa kimoja kati ya hivyo kilistahili kuulizwa asili yake: kipande cha jibini ya rangi ya manjano hafifu, laini, yenye utamu kidogo, ambayo Mholanzi angeitambua mara moja kuwa ni ndugu wa jibini ya Gouda.

Jibini hiyo haitengenezwi Rumangabo wala Goma. Hutoka katika milima ya Masisi, kaskazini-magharibi ya mji wa Goma, penye malisho ambayo mahali pengi huzidi mwinuko wa mita 2,000. Ustadi wa kuitengeneza uliletwa na Wabelgiji, wamisionari wakiwemo, na si ajabu kwamba walichagua mtindo wa jirani zao Waholanzi, maana jibini ya aina hiyo huvumilia. Maziwa mabichi hayangeweza kuteremshwa hadi Goma kwa njia mbovu za milimani pasipo kuharibika. Kilo moja ya jibini, inayomeza takriban lita 10 za maziwa, hukaa kwa majuma mengi bila barafu wala umeme.

Utengenezaji wenyewe ni rahisi kuusimulia, lakini huhitaji mkono uliozoea. Maziwa hutiwa kigandishi, ambacho kwa asili hutolewa katika tumbo la ndama, kisha yakishaganda hukatwakatwa. Hapo ndipo siri ya mtindo wa Gouda ilipo: sehemu ya maji yanayojitenga humwagwa na mahali pake hutiwa maji ya moto. Kuosha huko huondoa sukari ya maziwa ambayo ingegeuka kuwa uchali, na ndiyo sababu jibini hii haichomi ulimi. Mabonge hushindiliwa katika vyombo vya mviringo, hulowekwa katika maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao na kugeuzwageuzwa hadi yakomae. Baridi ya Masisi hufanya kazi ambayo penginepo hufanywa na mashine.

Ama kuhusu jina, mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili sanifu ataingia sokoni na neno *jibini*, lenye asili ya Kiarabu, naye huenda asieleweke. Muuzaji wa Goma husema *fromaji*, kutoka Kifaransa. Si kosa la muuzaji: neno lilifika pamoja na kitu, na kilichofika Kivu hakikupitia pwani. Ni vivyo hivyo kwa *sombe*, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo Mtanzania huyaita *kisamvu* na mtu wa Kinshasa huyaita *pondu*.

La kuvutia zaidi ni kwamba jina la mahali limefuata njia moja katika nchi mbili. Gouda ni mji ambamo wakulima wa kandokando walipeleka jibini yao kuuzwa. Jina la soko likalimeza jina la malisho. Masisi nako yamefanyika hayo hayo: mfugaji hukamua milimani, mteja wa Kinshasa hununua "fromaji ya Goma". Kisheria hakuna aliyemwibia mwenziwe. Katika Umoja wa Ulaya, jina lililolindwa mwaka 2010 ni "Gouda Holland", ilhali "gouda" peke yake ni huru kwa mtengenezaji yeyote. Hivyo msafiri anayeidharau jibini ya Masisi kwa kuiita mwigo hana hoja.

Sambaza nayo, samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaovuliwa usiku kwa taa na kukaangwa wazima, ni ya kuonjwa. Wengi hudhani ni ya asili ya ziwa hilo, kumbe ilipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kasiksi, pombe ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa, hunywewa kwa mrija na ina ndugu zake Kagera na Uganda. Hata bia ya Primus ina mkono wa Kiholanzi, kwa kuwa kiwanda cha Bralima kilimilikiwa kwa miaka mingi na Heineken.

Hata hivyo, ni jibini iliyobeba mzigo mzito wa historia. Vita vilivyoanza Masisi mwaka 1993 viliteketeza mifugo kwa wizi na uchinjaji, na mwaka 1996 watawa wa monasteri ya Mokoto walilazimika kuikimbia nyumba yao. Ng'ombe walirejeshwa polepole, na watengenezaji wadogo wakajenga upya vibanda vyao vya mbao. Kisha kundi la M23 likaiteka kambi ya Rumangabo mwishoni mwa Oktoba 2022 na mji wa Goma Januari 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa mwezi huo huo, na kwa kufungwa huko ikakatika njia fupi kuliko zote ya kuipeleka jibini Kinshasa. Bonge lisilouzwa hubaki rafuni likikauka, nalo ndilo ada ya shule ya mtoto wa mfugaji.

Anayeipata, iwe Goma au ng'ambo ya mpaka, aichague yenye ganda kavu lisilopasuka, aibonyeze kwa kidole aone kama hunepa na kurudi, kisha aile kama wenyeji: kwa mkate, au pamoja na ndizi mbivu. Akitaka iliyokaa zaidi, aombe *fromaji ya zamani*.