Saa za Wodini, Saa za Darasani: Nani Anazijumlisha?

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, ada za vyuo hulipwa Mtwara kwa kasi usiyoiona mwezi Machi. Fedha za msimu zikiisha, mwanafunzi wa uuguzi asiye na mkopo wala mjomba hutafuta kibarua, na anachokipata ni kile kilicho karibu na masomo yake: kukesha kwenye zahanati binafsi, au kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu mpaka saa nne za usiku. Upande mwingine yuko mtumishi ambaye tayari ana ajira, tuseme muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati ya kijiji kuelekea mdomo wa Ruvuma, anayeitamani stashahada. Wote wawili huuliza swali moja: je, mtu anaweza kusoma uuguzi huku anafanya kazi?

Anaweza, ila kuna hesabu ambayo hakuna ofisi itakayomfanyia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Chuo nacho kina ratiba yake: nadharia asubuhi, kisha mafunzo kwa vitendo wodini, zamu za usiku zikiwemo. Mwenye zahanati anahesabu saa zake na chuo kinahesabu zake. Aliyetoka zahanati saa moja asubuhi na kuingia darasani saa mbili hajavunja kanuni ya chuo, na kwa mwajiri anaonekana amekwenda kupumzika. Jumla inabaki mwilini mwake.

Mwili huo umepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza mtu kuendesha gari akiwa nacho. Marekani, utafiti ulioongozwa na Ann Rogers mwaka 2004 ulikuta kwamba wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa mfululizo walikuwa na uwezekano wa mara tatu wa kukosea.

Kosa lenyewe linakuwaje? Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, polepole, ikiwa na nguvu ya asilimia 20. Ampuli huja na nguvu ya asilimia 50, kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa na 12 za maji safi ya sindano, upate 20. Aliyelala anaifanya hesabu hii bila kushika kalamu. Aliyekesha anageuza namba mbili tu, dawa 12 na maji 8, na sirinji inaonekana vilevile: mililita 20, maji meupe. Ndani yake kuna gramu 6. Dawa hii ikizidi, goti linaacha kuruka linapogongwa, kisha pumzi inafuata. Ndiyo maana tunasisitiza mtu wa pili ahakiki, na usiku kwenye zahanati ya mtu mmoja huyo wa pili hayupo.

Hapa kuna dhana inayonikera: kwamba kibarua cha usiku ni mafunzo ya ziada. Mwajiriwa anarudia analolijua, mwanafunzi anafanya asilolijua mbele ya msimamizi atakayetia saini kitabuni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi bila usajili na leseni. Bosi anayemwachia mwanafunzi sindano na mzazi wa usiku hamfundishi, anapunguza gharama. Mambo yakiharibika, swali la kwanza litakuwa nani alichoma.

Kwa mtumishi wa umma njia ni nyingine, nayo inaanza na ruhusa ya masomo kwa maandishi. Wapo wanaoripoti chuoni wakitumaini barua itafuata. Kanuni za utumishi wa umma zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 kuwa kosa linaloweza kumwondoa mtu kazini. Wala mfawidhi anayekataa si lazima awe na wivu. Mwongozo wa ikama wa 2014–2019 uliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Anayejua zahanati za vijijini atakwambia ni wangapi huwakuta. Akiondoka mmoja kwa mwaka, kliniki ya wajawazito inaweza kukosa mtu.

Kenya walikutana na kizuizi hichohicho. Wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 walihitaji kupandishwa, na wodi zisingeweza kuwaachia. Mwaka 2005 Amref na Baraza la Uuguzi la nchi hiyo wakaanza kuwafundisha kwa njia ya kompyuta huku wakibaki vituoni. Sisi nasi tuna kituo cha elimu masafa cha Wizara ya Afya, Morogoro. Kwa pwani hii, mimi naona hiyo ndiyo njia ya kusukumwa kwanza, mradi siku za vitendo katika hospitali ya Ligula au ya Ndanda ziandikwe kwenye rota tangu mwanzo wa muhula. Kuzalisha hakufundishwi kwenye kioo cha simu.

Kama tayari umo katikati, chukua ratiba ya chuo na rota ya kazi, ziweke kwenye karatasi moja, uzionyeshe pande zote mbili. Usikubali zamu ya usiku inayofuatiwa na siku ya wodi. Nanyi wenye zahanati binafsi, kuanzia Shangani mpaka Mikindani: mwanafunzi mpeni zamu ya Jumamosi mchana, na sindano mwachieni mwenye leseni.