Pikipiki ndefu iliyotumika: Namna ya kuishusha bila kuiharibu

MTU anayeishi Njombe na kufanya kazi Makambako husafiri takriban kilometa 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Barabara ni ya lami, lakini ina vilima na kona, na asubuhi za Juni na Julai hugubikwa na ukungu na baridi kali. Mwisho wa safari hukuta njia panda ambako barabara itokayo Songea hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, inayopitisha malori mengi.

Kwa safari kama hiyo, wengi huvutiwa na pikipiki ndefu zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya, mathalani Honda XL 125 au Yamaha DT 125. Magurudumu yake ni makubwa, na hazisumbuki zinapoacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu unaoteleza wakati wa masika. Kasoro yake ni moja: kiti huwa juu zaidi ya sentimeta 80 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha wastani hulazimika kuchuchumia.

Hatari hapa haiko kwenye mwendo bali kwenye kusimama. Mguu ukiitafuta ardhi na kuikosa, pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 huanza kulala upande, na ikishapita kiwango fulani mikono haiwezi tena kuizuia. Kuanguka uwanjani ni aibu. Kuanguka njia panda huku lori likiwa nyuma ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kununua

Nenda kuikagua asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile zilizo kwenye kadi. Tazama kama shokapu za mbele zinavuja oili, kama usukani unakwama katikati unapouzungusha, na kama gurudumu la nyuma linacheza unapolisukuma kando. Chunguza pia kama stendi imekatwa na kuchomelewa, kwani hiyo ni dalili kwamba mwenye nayo wa awali alikwisha kuishusha.

Ikiwa pikipiki inatoka Dar es Salaam, kumbuka kwamba mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya Pwani inaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Si lazima iwe ni ugonjwa wa injini. Huenda marekebisho ya kabureta yakatosha.

Usikipime kimo chake ukiwa umesimama pembeni. Ikalie ukiwa umevaa viatu vya safari, kwa sababu uzito wako huishusha kidogo. Aidha, si lazima nyayo zote mbili zikanyage. Inatosha unyayo wa kushoto ukanyage vizuri huku mguu wa kulia ukibaki kwenye breki ya nyuma, jambo linalosaidia sana unaposimama mlimani.

Hatua za kuishusha

Anza na zile zinazoweza kurudishwa. Kwanza, legeza springi ya shokapu ya nyuma ikiwa ina sehemu ya kurekebisha. Pili, mpelekee kiti fundi wa viti apunguze sponji, hasa upana wa mbele, kwa kuwa kiti kipana huitanua miguu na kuifupisha. Mwambie akihifadhi kifuniko cha zamani, na asipunguze sponji kupita kiasi: kilometa 120 kwa siku juu ya ubao ni adhabu.

Tatu, fundi wa pikipiki anaweza kuzilegeza shokapu za mbele kwenye vibanio vyake na kuzipandisha juu kwa sentimeta moja au zaidi kidogo, ili sehemu ya mbele ishuke. Nyuma nako kushushwe kwa kiasi kinacholingana. Ukishusha nyuma peke yake, gurudumu la mbele huwa jepesi na pikipiki hukata kona kwa uzito. Ukishusha mbele peke yake, usukani huwa mwepesi mno na kuyumba kwenye mwendo kasi.

Usikubali springi ikatwe. Springi iliyokatwa huwa ngumu na fupi, na haiwezi kurudishwa. Kumbuka pia kwamba pikipiki iliyoshushwa hufika mwisho wa shokapu mapema, hususan ikibeba abiria au gunia la viazi, na tairi linaweza kugusa madigadi.

Kazi ikiisha, kagua mambo matatu. Stendi ya pembeni sasa itakuwa ndefu mno, na pikipiki inayosimama wima husukumwa na upepo ikaanguka. Ifupishwe kwa kipimo. Kaza au legeza cheni upya, na upime ulegevu wake mtu akiwa amekaa juu. Kisha rekebisha mwanga wa taa ya mbele usiwapige wengine machoni.

Ifanyie majaribio kwenye uwanja mtupu: simama, ondoka, geuka, simama tena, mpaka mguu uizoee ardhi. Ikiwa bado unahitaji kushuka sentimeta tano au zaidi ili ukanyage, pikipiki hiyo si yako. Ni heri kumwachia mnunuzi mwingine kuliko kuikatakata hadi ipoteze sifa iliyokufanya uipende.