Kijenzi au Kipande? Istilahi za Protini Ndogo za Usanisinuru

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya biolojia ni zile zinazohusu sehemu ndogo ndogo zinazounda protini kubwa za seli. Dhana moja hufasiriwa mara "kipande", mara "kijisehemu", mara "kijenzi", kana kwamba maneno hayo yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti zake si za ladha tu, bali kila neno hubeba dai la kisayansi. Mfano wetu ni protini ndogo za usanisinuru katika sainobakteria wapendao joto.

Tuanze na jina la viumbe wenyewe. Sainobakteria ni bakteria wanaotumia nuru ya jua kujitengenezea chakula, huku wakitoa oksijeni kama ifanyavyo mimea. Zamani waliitwa mwani wa buluu-kijani, na jina hilo bado limo katika vitabu. Lakini mwalimu wa Rahaleo, mjini Mtwara, akilitumia darasani, wanafunzi watafikiria mwani unaolimwa katika bahari ya kwao. Mwani huo una kiini katika seli zake, sainobakteria hawana. Kwa hiyo tunapendelea jina "sainobakteria".

Baadhi yao hustawi penye joto kali, na hupatikana hata katika chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, Kenya. Aliyechunguzwa sana ni Thermosynechococcus elongatus, aliyetoka katika chemchemi za Beppu, Japani, ambaye hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 55 hivi za Selisiasi. Wataalamu humpendelea kwa sababu protini zake ni imara, wala haziachani upesi zinapotolewa katika seli.

Ndani ya seli zake umo mfumonuru wa pili, yaani mkusanyiko wa protini unaopasua maji kwa nguvu ya nuru na kutoa oksijeni. Kila nusu ya mkusanyiko huo ina protini 20: 17 zimepita katika utando na 3 ziko nje yake. Kati ya hizo 17, nne ni kubwa. 13 zilizobaki ni ndogo, kila moja ikiwa na masi isiyofikia daltoni 10,000.

Kuzitambua ndogo hizo si kazi nyepesi. Utando huyeyushwa kwa sabuni isiyo kali, mkusanyiko ukasafishwa, kisha protini zikatenganishwa kwa umeme ndani ya jeli. Kubwa huonekana kama mistari iliyo wazi. Ndogo hukimbilia mwisho wa jeli, zikarundikana pamoja, na aghalabu hazishiki rangi vizuri. Hivyo hupimwa masi yake kwa mashine, na matokeo yakalinganishwa na jeni za kiumbe huyo, ambazo kwa Thermosynechococcus elongatus zilisomwa zote kufikia mwaka 2002.

Hata hivyo, kuipata protini hakutoshi. Huenda imejigandamiza tu wakati wa kusafisha. Mfano mzuri ni protini yenye asidi amino zisizofikia 50, ambayo jeni yake ilijulikana kwa jina la muda Ycf12, yaani jina la jeni ambayo kazi yake bado haijajulikana. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini hiyo imo katika mfumonuru wa pili. Mwaka 2009 picha ya fuwele iliyo wazi zaidi ilionyesha mahali pake. Leo huitwa pia Psb30, jina linaloihesabu miongoni mwa protini za mfumo huo.

Kutokana na safari hiyo twapendekeza istilahi tatu. Ikiwa jeni tu ndiyo inayojulikana, tuseme "protini ya kudhaniwa". Ikiwa protini imepatikana pamoja na mkusanyiko bila kuthibitishwa kuwa ni sehemu yake, tuseme "protini ambatani". Ikithibitishwa kuwa ni sehemu ya umbo lenyewe, hapo ndipo iitwe "kijenzi", kutokana na kitenzi "jenga". Neno "kipande" halifai, maana kipande ni kitu kilichovunjika au kukatwa kutoka katika kizima, ilhali kila protini hizi ni nzima. "Kijiprotini" nalo hudunisha, ingawa kuna vijenzi vidogo ambavyo vikikosekana mfumo wote hudhoofika.

Mfasiri anayeandika "kijenzi" mahali ambapo mtafiti amesema "ambatani" hakosei mtindo, bali hutoa ushahidi ambao haupo. Hatuna budi kwanza kuuliza jambo limethibitishwa kwa kiasi gani, ndipo tuchague neno.