Kwa nini mtoto wa mchuma chai afunzwe lugha ya mashine

MEI 2023, waandamanaji katika Kaunti ya Kericho waliteketeza mashine za kuchuma chai, wakilalamika kwamba zimewapokonya vibarua riziki. Mwanachama mmoja wa jopokazi lililochunguza suala hilo katika kaunti alikadiria kuwa ajira 30,000 zilikuwa zimepotea kwa muda wa mwongo mmoja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) ilikuwa imeidhinisha silabasi ya uandishi wa programu za tarakilishi kwa shule za msingi na za upili, iliyoandaliwa na kampuni ya Kodris Africa. Mambo haya mawili hujadiliwa kila moja kivyake, ilhali katika maeneo ya Kericho na Bomet ni chanda na pete.

Je, uandishi wa programu ni nini hasa?

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo mashine huyafuata hatua kwa hatua. Mtoto wa Bomet anaweza kuuelewa kwa kutazama mikono ya mamaye shambani: angalia tawi; ikiwa lina majani mawili na chipukizi, chuma; ikiwa jani limekomaa, liache; rudia hadi kikapu kijae. Humo mna nguzo tatu za taaluma hii: mfuatano, sharti na urudiaji.

Roboti nayo ni mashine inayoweza kuhisi, kuamua na kutenda. Kwa kipimo hicho, mashine nyingi zilizozua mzozo si roboti. Ni visu vinavyoendeshwa kwa injini na kuelekezwa na watu, na hukata kila kilicho juu ya kichaka, kilaini kwa kigumu. Ndiyo maana chai iliyochumwa kwa mkono ingali inasifiwa kwa ubora. Mashine ya kuteua chipukizi mojamoja huhitaji kamera na programu ya kulitambua, kazi ambayo watafiti nchini China wamekuwa wakiishughulikia.

Viwandani pia kuna mafunzo. Majani hunyaushwa kwa saa nyingi, yakasagwa, yakaachwa yabadilike rangi, kisha yakakaushwa. Kila hatua hutegemea joto na unyevu. Kifaa kidogo kiitwacho micro:bit, ambacho shirika la BBC liliongoza mpango wa kukigawa kwa wanafunzi wapatao milioni moja nchini Uingereza mwaka 2016, kinaweza kupima joto. Mwanafunzi hukiagiza kiwashe taa joto linapovuka kiwango fulani. Hapo amekwisha kuunda chombo kinachohisi, kuamua na kutenda.

Baadhi ya wazazi watauliza: shule isiyo na tarakilishi ifanyeje? Somo laweza kuanza kwa kadi za karatasi, mtoto mmoja akiigiza roboti na wenzake wakimwamuru. Vikipatikana vifaa, ipo programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo haina malipo. Mradi wa serikali ulioanza 2016 uligawa zaidi ya tabuleti milioni moja kwa shule za msingi. Hata hivyo, kifaa bila mwalimu aliyefunzwa ni jembe lisilo na mkulima.

Ni vyema pia kusema kweli. Masomo haya hayatamrejeshea kazi mchumaji aliyekwisha kuachishwa. Huyo anahitaji fidia na njia nyingine ya kujikimu. Aidha, fundi mmoja wa mashine hajazi nafasi ya vibarua wengi.

Hatari kubwa zaidi ni kuyaacha mafunzo haya mikononi mwa vilabu vya kulipia. Mwana wa kibarua atakuwa wa mwisho tena. Shule za msingi ziko chini ya Serikali Kuu, lakini kaunti zina maktaba na vyuo vya ufundi vinavyoweza kufunguliwa kwa watoto wakati wa likizo.

Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho miaka ya 1920, mwenyeji alipewa kikapu, naye mgeni akashika hesabu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Tukichelewa, hata kikapu hakitakuwepo.