Tiba ya Waraibu Isiwe ya Kuombaomba

Ni ukweli usiopingika kuwa mraibu wa heroini haponi kwa mahubiri wala kwa pingu. Anahitaji methadoni kila siku, sindano safi za kumkinga dhidi ya Ukimwi na homa ya ini, na mshauri wa kumsikiliza. Swali ni hili: nani alipe, na nani asimamie?

Huko England, mabaraza ya serikali za mitaa yalikabidhiwa jukumu hilo Aprili 2013. Baraza hupima mahitaji ya wakazi wake, hutangaza zabuni, huteua shirika la hisani au taasisi ya afya ya umma, kisha huikagua kazi kwa mujibu wa mkataba. Hata hivyo, serikali kuu ilipopunguza ruzuku, huduma nazo zilififia. Mwaka wa 2021, ripoti ya Carol Black iliihimiza serikali irejeshe fedha hizo na izilinde zisitumiwe kwingine.

Nasi tuliigatua afya mwaka uo huo wa 2013. Malindi ilipata kliniki ya methadoni mwaka wa 2015, lakini huduma hizi zimeegemea mno wafadhili wa ng'ambo. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, hatari yake ilidhihirika. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Yafaa basi kaunti za Mombasa na Kilifi ziitengee tiba hii fungu lake katika bajeti. Nao wawakilishi wa wadi waulize kila mwaka: ni wangapi waliotibiwa, ni wangapi walioacha dawa, na kwa nini?