Redio Bubu ni Hatari kwa Askari

Zamani, kubadili masafa ya redio ya upepo kulihitaji kubadili fuwele iliyomo ndani yake. Leo fundi hutumia kompyuta, waya na programu ya kiwanda kilichoiunda redio hiyo. Kwa hiyo tununuapo redio, hatuna budi kudai katika mkataba programu halali inayolingana na aina ya redio zetu. Kabla ya kubadili lolote, fundi na asome kwanza mipangilio iliyomo redioni na kuihifadhi. Mlio fiche ufunguao kipokezi, kwa mfano wa hertz 100, ukikosewa, doria itaita kwa masafa yaliyo sahihi na kituo kisisikie. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.